Kitambaa cha Msumari wa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI
(yameandikwa na shahidi mwenyewe)

Shahidi: mjukuu wa marehemu fundi cherehani, mtoto wa binti yake mkubwa. Jina kamili liko kwenye fomu ya kwanza. Nyumbani na mtaani anaitwa Bobini.
Umri: miaka 22
Kazi: kushona vifungo na kupinda suruali. Ana mtoto mmoja wa miezi saba.
Elimu: darasa la saba
Makazi: nyumba ya marehemu, chumba cha pili upande wa kulia
Mahali pa kuandikia: kituo cha polisi, chumba cha maelezo
Tarehe na saa: Jumatano, 2 Julai, saa nne na nusu asubuhi

Nimekuja kituoni leo kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande koplo, ambaye ni mama kama mimi, ameniuliza kama nataka yeye aandike huku mimi nasema. Nimemwomba niandike mwenyewe, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia na mtoto ataamka. Amenipa karatasi sita na kalamu. Amenieleza kwamba ninachoandika kinaweza kunigeukia mwenyewe, na kwamba nikikosea nisifute, niandike mbele yake kwamba ninarekebisha. Nimeelewa.

Mtu mliyemweka ndani tangu juzi Jumatatu ni mjomba wangu, anayemfuata mama yangu kuzaliwa. Ni seremala, sisi sote tunamwita Mjomba Randa. Aliletwa hapa na kaka yake mkubwa, Mjomba Dereva, kwa madai kwamba ameiba wosia wa babu. Hakuuiba. Wosia wa babu niliufua mimi, pamoja na nepi.

Naanza mwanzo ili nieleweke.

Babu yangu alishona nguo zaidi ya miaka arobaini katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Karatasi hakuzipenda. Vipimo vya wateja aliviandika kwa chaki ya bluu juu ya kitambaa chenyewe, upande wa ndani: kiuno, urefu, paja, na jina la mwenye nguo au la utani. Alikuwa akisema karatasi haina wa kuiulizia, lakini kitambaa kina mwenyewe, iko siku atapiga hodi. Mlangoni mwa chumba hicho kuna misumari miwili. Msumari wa kulia unatundikwa nguo zilizokwisha. Msumari wa kushoto unatundikwa kitambaa chenye chaki ambacho hakijakatwa. Cha kushoto hakiguswi, hakikunjuliwi, hakisogezwi karibu na maji, kwa kuwa chaki ile ikiguswa na maji inakwenda, wala huiombi ikarudi. Hiyo ndiyo amri ya kwanza niliyofundishwa nyumbani humo. Nilipokuwa na miaka sita nilikishika kimoja na mikono yenye maji, na suruali ya mtu mzima ikatoka fupi, inaishia katikati ya goti na kifundo. Babu hakunigusa. Alimwambia mteja, "Mzee, hii nimekushonea ya kuvukia mto." Mteja akacheka, akaivaa hivyohivyo.

Nimeandika hilo la misumari ili afande ajue kwamba nilikuwa najua.

Miaka tisa iliyopita Mjomba Randa aligombana na babu kwa kukataa cherehani na kuchagua mbao, akaondoka. Mama yangu na mimi tukapewa chumba chake, hicho cha pili upande wa kulia. Mama amefia humo. Mtoto wangu nilimlaza humo siku niliyotoka naye hospitali. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Mwezi wa nne mwaka huu Mjomba Randa aliposikia babu hainuki, alirudi. Nilikuwepo alipoingia. Babu alimtazama, akasema, "Umekuja kupima jeneza?"

Mjomba akasema, "Nimekuja kupima kitanda, mzee. Hicho ulichonacho kinakuvunja mgongo."

Babu akasema, "Usinipunje kwenye urefu."

Ikawa wamepatana. Mjomba alimtengenezea kitanda chenye ubao wa kuegemea, na babu akaweza kukaa tena, akaomba chaki yake na rula. Mimi nilitaka kutoka chumbani ili mjomba arudi kwake. Alikataa. Alisema, "Mwenye mtoto halali sakafuni, Bobini. Mimi nimezoea maranda," akatandika mkeka chini ya meza ya kukatia, kwenye chumba cha cherehani. Amelala hapo mpaka siku alipokamatwa. Kwa vipande vya mbao za kile kitanda, mwanangu naye alitengenezewa kitanda chake kidogo chenye miguu ya upinde, ukikigusa kinabembea.

Mnamo tarehe 12 Juni, siku ya Alhamisi, babu aliwaita watoto wake. Hilo sikulisikia kwa masikio yangu, nilikuwa kliniki nampima mtoto uzito. Nimelijua baadaye, kama nitakavyoeleza.

Mnamo tarehe 17 Juni, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, babu alifariki. Alizikwa kesho yake.

Mnamo tarehe 20 Juni, siku ya Ijumaa, nyumba ilikuwa bado imejaa watu wa msiba. Saa mbili asubuhi mama mdogo, ambaye ni kitinda mimba wa babu na ni mpishi wa shule, aliniambia, "Mwanangu, kafagie chumba cha cherehani wageni wapate pa kukaa, huku nje jua litawapasua." Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi yake. Nepi zote zilikuwa kwenye kamba na hazijakauka. Nilifagia, nikakusanya nyuzi na vipande. Kwenye msumari wa kushoto kilikuwepo kitambaa kimoja, cha kijivu, kizito kidogo, cha suruali, kimekunjwa mara mbili. Nilidhani ni kazi ya mteja ambayo babu hakuiwahi. Sikukifungua. Nilikitoa kwenye msumari nikakitia kwenye beseni lenye maji na sabuni ya unga. Kilipokauka nilikipinda pindo, kikawa mbeleko ya mtoto.

Mnamo tarehe 28 Juni, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mjomba Dereva aliitisha kikao katika chumba cha cherehani. Alikuwepo yeye mwenyewe, Mjomba Randa, mama mdogo, mimi, na mzee mmoja jirani tunayemwita Mpiga Pasi. Huyo mzee amefanya kazi barazani kwetu na babu muda wote ninaokumbuka. Babu anashona, yeye ananyoosha kwa pasi ya mkaa. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni.

Mjomba Dereva alisimama. Ni mtu mkubwa, anaendesha malori ya masafa, na akizungumza ndani ya nyumba huzungumza kama yuko juu ya injini. Alisema, "Baba alituita. Alisema ameshapima. Alisema akiondoka tutazame msumari wa kushoto, kila mmoja ataona pake. Mpiga Pasi, alisema au hakusema?"

Mpiga Pasi akasema, "Alisema. Akasema na msigombane mbele yangu mimi, maana nitawasimulia wateja."

Mjomba Dereva akasema, "Sasa msumari huo hapo. Mtupu. Kitambaa kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Naapa kwamba ndipo nilipojua kuwa kilikuwa wosia. Nilijiegemeza kwenye meza ya kukatia.

Walitafuta. Walimwaga kikapu cha vipande, wakafungua droo ya cherehani, wakainua mkeka wa Mjomba Randa. Mama mdogo alipiga magoti akachungulia chini ya kabati la nyuzi. Kilikuwa mgongoni kwangu, kinanuka sabuni, mtoto anapumua ndani yake. Nami niliinama nikatafuta pamoja nao. Niliinua hata vipande ambavyo tayari vilikuwa vimeinuliwa.

Mjomba Dereva alimwambia mdogo wake, "Wewe ndiye unayelala humu."

Mjomba Randa akasema, "Nalala humu, ndiyo. Sikuona kitambaa siku zile za watu. Nilidhani umekichukua wewe."

"Nikichukue cha nini, mimi niliyekaa na baba wakati wewe umesusa?"

"Kaka, ulikaa na lori."

Mama mdogo akasema, "Jamani, mzee hata kaburi halijakauka."

Mjomba Dereva hakumsikia. Alisema bila kitambaa nyumba itauzwa, kila mtoto achukue chake aende zake. Mama mdogo akauliza, "Na huyu Bobini?" Mjomba Dereva akajibu kwamba mjukuu anapita kwa mzazi wake, na mzazi wangu ametangulia. Mama mdogo akasema, "Damu ya dada yangu hailali barabarani mimi nikiwa hai," na wakaanza kurushiana maneno ambayo sitayaandika kwa sababu yalimhusu mama yangu.

Kisha Mjomba Dereva akakaa kwenye kile kigoda cha babu. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Baba aliniambia nitaona pangu. Mimi nataka tu kuona pangu."

Mtoto aliamka kwa makelele yao akaanza kulia. Mjomba Randa alikuja akamtoa mgongoni kwangu, akambeba. Alikuwa anamwambia, "Shii, shii, babu yako alisema unalia kama cherehani isiyotiwa mafuta." Mbeleko ilikuwa imefunguka upande mmoja. Aliichukua, akaivuta vizuri akamfunika mtoto miguu, akasema, "Atapata baridi huyu." Kitambaa walichokuwa wanamwitia mwizi kilikuwa mikononi mwake na yeye anakikunja kwenye vidole vya miguu ya mwanangu. Nilimtazama akifanya hivyo.

Nilipoinua macho nilimwona Mpiga Pasi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anakitazama kitambaa. Halafu akatazama barabarani.

Mnamo tarehe 29 Juni, Jumapili, saa kumi jioni, mama mdogo alinikuta uani nikianua nguo. Akaniambia, "Wewe usiogope. Kama Randa amekificha kitambaa, basi amejitoa mwenyewe kwenye haki. Nitamwambia kaka, fungu la Randa uchukue wewe. Kile chumba utabaki nacho." Alinipapasa shavu. Alichosema alikisema kwa kunipenda, afande, na naomba asiulizwe kwa ubaya. Mimi nilisema, "Asante, mama." Nimesema asante kwa fungu la mtu ambaye najua hana kosa. Hiyo asante naijua kuliko kila kitu nilichosema mwaka huu.

Mnamo tarehe 30 Juni, Jumatatu, saa sita mchana, Mjomba Dereva alikuja na askari wawili. Mjomba Randa alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Aliomba amalize upande mmoja ili mbao isipinde, wakamruhusu. Alipokuwa anatoka alinipa funguo za sanduku lake la vifaa akasema, "Mtoto asichezee patasi." Ndilo neno alilosema.

Jana Jumanne, tarehe 1 Julai, saa tano asubuhi, nilimpelekea Mpiga Pasi uji barazani. Alikuwa anatikisa majivu kwenye pasi. Hakuupokea uji mara moja. Alisema, "Bobini, kitambaa kile nilikipiga pasi mimi kabla babu yako hajakichora. Alitaka kiwe kama ukuta, chaki isiruke. Nguo niliyoinyoosha naijua kama kiganja changu, hata ukiipinda pindo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale kikaoni.

Akasema, "Ningesema, wangekurukia na mtoto mgongoni. Na mimi nanyoosha nguo tu, mjukuu wangu, watu siwawezi. Lakini mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa mara moja, umeona ilivyo. Kasukume."

Akachukua uji akanywa.

Leo asubuhi saa mbili niliichukua mbeleko kwenye kamba nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki. Mtoto nimemleta mikononi. Mama mdogo ameniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kliniki. Huo nao ni uongo, naomba uandikwe pamoja na mengine.

Hapa nilikuwa nimefika mwisho, nikampa afande karatasi asome. Amesoma yote. Hakunikemea. Ameuliza jambo moja tu: "Kama hukukifungua, ulijuaje kwamba kimechorwa kwa chaki na siyo kitupu?" Nimesema kila cha msumari wa kushoto kina chaki. Akasema sawa. Akanirudishia karatasi akaenda kumwekea mtoto kiti cha pili ili asianguke. Nimeichukua kalamu tena.

NAREKEBISHA. Pale juu, kwenye tarehe 20 Juni, nimeandika "Nilidhani ni kazi ya mteja. Sikukifungua." Siyo kweli. Ukweli ni huu.

Nilikitoa kwenye msumari nikakifungua mkunjo wa kwanza. Nilitaka kuona kama kina ukubwa wa kutosha mbeleko. Nikaona mistari ya rula, imenyooka, siyo ya suruali wala ya shati. Nikaona ni vyumba. Babu alikuwa amechora nyumba yetu kama mtu anayeitazama kutoka juu, milango yote mahali pake, hata ile ngazi ya mlangoni iliyovunjika aliichora imevunjika. Ndani ya kila chumba kulikuwa na maneno kwa mwandiko wake wa vipimo.

Upande huo niliofungua ulikuwa na baraza, chumba cha cherehani, na vyumba viwili vya kulia. Nayaandika maneno kama yalivyokuwa. Nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo na sijayasahau.

Kwenye baraza: "Mpiga Pasi. Asihamishwe mpaka achoke mwenyewe."

Kwenye chumba cha cherehani: "Wote. Pasifungwe."

Kwenye chumba cha kwanza kulia: "Dereva. Dirisha la barabarani, aone gari lake akilala."

Kwenye chumba cha pili kulia: "Randa. Ni chake, alikiacha tu."

Hicho cha pili ndicho nilichokuwa nimetokea na fagio mkononi. Nililisoma mara mbili hilo neno "alikiacha tu." Nikafikiri, na sisi je? Mimi na mama yangu tumelala humo miaka tisa. Mama yangu amekohoa humo mpaka mwisho. Babu alikuwa anaingia kila asubuhi anatuamkia. Na kwenye kitambaa chake ni kama chumba kilikuwa kinamngoja mtu mwingine, na sisi tulikuwa nguo za mteja zilizotundikwa kwa muda. Moyo uliniuma, afande. Sikufikiri wosia, hilo nililosema kwamba sikujua kuwa ni wosia ni kweli. Lakini nilijua ni nyumba, nilijua ni mkono wa babu, na nilijua jina langu silioni.

Mtoto alikuwa analia. Hilo nalo ni kweli. Ila hakuwa analia kiasi cha kunifanya nishindwe kufungua mkunjo wa pili. Ni sekunde moja. Nusu nzima ya nyumba ilikuwa bado imekunjwa kwa ndani, vyumba viwili vya kushoto, jiko na uani. Sikuifungua. Nilikuwa nimeshakasirika, na mtu aliyekasirika hapendi kukuta kwamba alikosea. Nikakitia kwenye beseni kama kilivyo. Nikakishika chini ya maji mpaka povu likawa la bluu.

Nilipokifungua sasa kilikuwa kitupu. Nikasema moyoni, ni kitambaa tu. Nikakisuuza mara tatu.

Tangu Jumamosi ya kikao, kila mtoto akilala mchana, nimekuwa nikikishika dirishani kutazama kama kuna mstari umebaki. Nimekilowesha tena, nimekikausha tena, nimekipitisha mkono kama kipofu. Babu alikuwa na mkono mwepesi wa chaki. Hakuna kitu.

Basi nimemnyang'anya Mjomba Randa chumba chake na jina lake jema kwa siku tatu za mahabusu. Mjomba Dereva naye nimemnyang'anya dirisha, kwa kuwa alitaka kuona pake, na pake palikuwepo, na baba yake alikuwa amemfikiria mpaka usingizi wake. Mama mdogo sijui nimemnyang'anya nini. Mimi mwenyewe sijui. Huenda upande wa pili nilikuwemo na huenda sikuwemo. Nikijiambia nilikuwemo, najiona mwizi aliyejiibia. Nikijiambia sikuwemo, namwona babu yangu kuwa mtu ambaye hakuwa. Kwa hiyo nimeamua nisijiambie.

Afande ameniuliza kama naweza kuchora nilichokiona. Nimesema naweza. Nimechora kwenye karatasi ya sita, na maneno nimeyaweka kwenye vyumba vyake. Sina mkono wa babu lakini milango iko mahali pake. Afande akaonyesha nusu ya kushoto ya karatasi akauliza, "Na huku?" Nimemjibu kwamba huko sikufungua. Upande huo nimeuacha mweupe. Naomba usijazwe na mtu yeyote, si mjomba, si mama mdogo, wala mimi siku nikibadilika.

Naomba mambo matatu kama yanaruhusiwa. Mjomba Randa aachiwe, hata kama leo mimi ndiye nitakayebaki. Mjomba Dereva asomewe mstari wake, asomewe taratibu, na mtu atakayemsomea asitazame uso wake wakati huo. Na chumba cha pili nitakihama nikirudi, lakini naomba kitanda cha mtoto nihame nacho, kwa sababu amekizoea.

Sikulazimishwa na mtu wala sikuahidiwa kitu. Mtoto ameamka sasa, ananitazama anacheka, hajui tuko wapi. Nataka akikua nimweleze jambo hili mwenyewe kabla hajasimuliwa na mtaa, nimweleze mpaka nusu niliyosahihisha. Nilichofanya na nilichonyamazia ndicho hicho, na sasa hakuna nilichokikunja.

Sahihi ya shahidi: Bobini (sahihi kamili iko kwenye fomu ya kwanza)
Saa: saba na dakika kumi na tano mchana

MAELEZO YA ASKARI

Nathibitisha kwamba shahidi ameandika karatasi hizi tano na mchoro mmoja kwa mkono wake mbele yangu, baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Amesomewa, akakubali ni yake. Rekebisho la ukurasa wa nne limeachwa kama lilivyo.

Kielelezo kilichopokelewa: kitambaa kimoja cha kijivu, kizito, kimefuliwa, kimepindwa pindo kwa mkono pande nne. Kimetazamwa pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha na mimi na mkuu wa zamu. Hakina maandishi. Kimekunjwa mara mbili kama shahidi alivyoonyesha na kutiwa kwenye bahasha.

Saa nane kasoro dakika kumi nilimtoa mtuhumiwa mahabusu nikamsomea maelezo haya mwanzo hadi mwisho, pamoja na kumwonyesha mchoro. Ameuliza swali moja tu, kama kitambaa kimechukuliwa, mtoto amefunikwa na nini. Nimemjibu kwamba amefunikwa na sweta yangu. Amesema basi.

Koplo wa zamu, dawati la maelezo